"Wako naye anaoga?"

Swali: Shikamoo sista. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24. Aliugua akiwa mwaka wa pili chuoni, akawa anasikia sauti na kusema wenzake wanamwekea sumu, akalazwa Mirembe, Dodoma. Tuliambiwa ni skizofrenia. Ana miezi mitano nyumbani Kilosa, anameza haloperidol na artane, ila mwezi huu ameanza kukataa dawa. Mama amekonda kuliko mgonjwa mwenyewe. Muuguzi wa kliniki ametushauri tutafute familia nyingine zenye wagonjwa kama wetu tuwe tunakutana. Mama amekataa katakata, anasema aibu ya nyumbani kwake hawezi kwenda kuianika kwa watu. Na mimi nina mchumba, kwao bado hawajui. Je, hivyo vikundi vina faida ya kweli au ni mikutano tu? Na kama vina faida, tunaanzaje mahali ambapo havipo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nimekaa kwenye uuguzi wa afya ya akili zaidi ya miaka 20. Ukiniuliza ni kitu gani nimeona kikimtuliza ndugu wa mgonjwa haraka kuliko vyote (nasema ndugu, si mgonjwa), nitakutajia swali moja ambalo mama mmoja alimwuliza mwenzake.

Ilikuwa jioni, kwenye chumba cha chanjo, mizani ya kupimia watoto bado inaning'inia. Tulikuwa watu saba. Nusu saa nzima kila mtu aliongea kama yuko mbele ya hakimu: mwanangu alianza kuumwa mwaka fulani, tukampeleka mahali fulani, sasa Mungu anasaidia. Mzee mmoja aliyestaafu alikuwa ameweka kofia yake magotini, hajasema neno. Ndipo mama muuza vitumbua akamgeukia jirani yake, akauliza kwa sauti ya chini, "Samahani mwenzangu. Wako naye anaoga?" Kimya. Yule akajibu, "Tangu Idi." Mzee wa kofia ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akasema wa kwake anaoga, tena mara nne kwa siku, na mche wa sabuni haufiki Jumatano. Baada ya hapo hakuna aliyeongea kama yuko mahakamani. Wakaulizana nani amelala usiku wa jana, nani anaficha visu, nani ameuza kiwanja.

Mimi nilikuwepo pale na cheti changu, na swali hilo sikuwahi kuliuliza. Ningeuliza "usafi wa mwili ukoje?" nami ningejibiwa "unaridhisha". Unakumbuka watani wanavyofanya msibani, wanachekesha watu maiti ikiwa ndani na hakuna anayekasirika? Wana haki hiyo kwa sababu ya utani wao. Wenye wagonjwa wanapokaa pamoja wanapata haki kama hiyo. Mama wa vitumbua anaweza kumwambia mwenzake "siku nyingine natamani asiamke" na asionekane muuaji. Maneno hayo akimwambia shangazi yako, yatakuwa yamefika Dumila kabla ya magharibi.

Umeuliza faida ya kweli. Miaka ya 1950 huko London, mtafiti George Brown na wenzake waliwafuatilia wanaume waliotoka hospitali za akili baada ya kulazwa muda mrefu. Wakakuta jambo ambalo hawakulitarajia: waliorudi kwa wazazi au kwa wake zao walirudiwa na ugonjwa mara nyingi kuliko waliokwenda kupanga chumba au kuishi na kaka na dada. Uchunguzi uliofuata ukaonyesha kwamba ugonjwa hurudi zaidi katika nyumba yenye lawama za kila saa, yenye chuki, au yenye mtu anayemlinda mgonjwa kupita kiasi, anayemlisha, anayemjibia, asiyelala mpaka yeye alale. Tafadhali usimsomee mama sentensi hiyo kama hukumu. Skizofrenia haisababishwi na mama, wala na malezi, na wanaosema hivyo wameumiza familia nyingi bure. Maana yake ni kwamba mtu aliyechoka hupiga kelele, na kelele hizo humwumiza aliyetoka kuugua zaidi kuliko zinavyomwumiza mtu mwingine. Kwa hiyo kumpumzisha anayeuguza ni sehemu ya matibabu ya anayeuguzwa. Tangu hapo majaribio mengi katika nchi mbalimbali yameonyesha kwamba familia zikifundishwa ugonjwa na kusaidiwa kutatua matatizo yake, wagonjwa wanaorudiwa na ugonjwa hupungua.

Na si mambo ya Ulaya peke yake. Hapa kwetu kulikuwa na utafiti ulioitwa KUPAA, kifupi cha Kuwezeshana Kupata Uzima, uliofanyika Dar es Salaam na Mbeya. Mgonjwa alikuja na ndugu yake mmoja, wakakaa na wagonjwa na ndugu wengine, na kikundi kikaongozwa na mtaalamu akishirikiana na mtu ambaye mwenyewe amepitia maradhi hayo. Huko Marekani chama kikubwa cha familia, NAMI, kiliundwa mwaka 1979, na mbegu yake ilikuwa akina mama wawili wa Madison, Wisconsin, Harriet Shetler na Beverly Young. Kila mmoja alikuwa na mtoto wa kiume mwenye skizofrenia. Walianza kwa kula chakula cha mchana pamoja.

Kikundi hakiponyi, lazima niseme hilo. Hakimwondolei kaka yako sauti. Hiyo ni kazi ya dawa. Usikubali kikundi kinachokuambia mkija hapa mtaacha vidonge.

Sasa mama. Watu watamrushia ile methali ya mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi katika jambo hili siipendi. Mama yako haoni haya kwa sababu ya ujinga. Anajua vizuri sana mtaa wake: anajua mtu akifiwa majirani wanaleta viti, turubai na unga, lakini mwanawe akivua nguo barabarani watatoa simu. Anachoficha ni mtoto wake, na pengine anakuficha wewe, asije mtu akasema "ule ukoo una kichaa" ukakosa ndoa. Kwa hiyo usimpeleke kwenye mkutano. Mletee mkutano nyumbani, tena wa mtu mmoja. Mtafute mama mmoja mwenye umri wake, ambaye mwanawe aliugua kabla ya wenu, aje kama mgeni yeyote, na kilo ya sukari kwenye mfuko. Wasizungumze ugonjwa. Wachambue mchele. Nakwambia kwa uzoefu, kabla ya mchele kwisha mmoja atauliza.

Nimewahi kukosea hapa. Nilimshawishi mama mmoja kwa maneno mengi mpaka akaja kwenye kikundi, na aliyeketi mkabala naye alikuwa mke wa balozi wake wa nyumba kumi. Hakurudi tena, na kliniki akahama. Siku hizi nauliza kwanza: kuna mtu usiyetaka kukutana naye?

Kuhusu mchumba wako, hukuniuliza waziwazi lakini nimelisikia swali lililo nyuma yake. Skizofrenia ina urithi ndani yake, kweli. Ndugu wa damu wa mgonjwa, aliyezaliwa naye tumbo moja, ana uwezekano wa karibu 1 kati ya 10 wa kuipata katika maisha yake, maana yake 9 kati ya 10 hawaipati. Ugonjwa huu mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana na miaka ya ishirini, na kila mwaka unaopita ukiwa mzima hatari inapungua. Mwambie mchumba wako kabla ya kuambiwa na mtu mwingine. Namna ya kumwambia waulize kina dada wenzako kikundini. Wapo waliokwishapita hapo, wengine wakaachwa, wengine wakaolewa, na ushauri wao utakuwa na uzito kuliko wangu.

Tuje kwenye kuanzisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani karibu mtu 1 kati ya 300 ana skizofrenia. Chukua kata yenye watu 15,000, hao ni kama 50, na bado hujahesabu wenye baipola, wenye kifafa kilichovuruga akili, na wale wa bangi na pombe kali. Hawaonekani kwa sababu kila nyumba inafanya kama ya kwenu. Anayewafahamu ni yule muuguzi wa kliniki, maana ndiye anayeshika rejista ya dawa. Usimwombe majina, hana ruhusa ya kukupa, na akikupa mwogope. Mpe namba yako ya simu, yeye awaulize ndugu wanaokuja kuchukua dawa kama wangependa kupigiwa. Familia 4 zinatosha kuanza. Zikizidi 12 gaweni vikundi viwili, kwa sababu asiyepata nafasi ya kusema leo kesho haji.

Siku iwe ileile ya kliniki. Hili ni dogo lakini limeua vikundi vingi: mtu ameshalipa nauli kufika hospitali, ukimwambia arudi Jumamosi umemwongezea mzigo. Mwombeni mganga mfawidhi chumba kimoja dawa zikishagawiwa, saa moja na nusu tu. Nyumbani kwa mtu msikutane mwanzoni, watoto wa jirani watahesabu viatu mlangoni. Na kama mmechanganyika dini, kanisani na msikitini pia pasiwe mahali penu. Kuna watakaokuwa wanakwenda kwenye maombi, wengine kwa mganga wa kienyeji kupunga majini, na huwezi kuwazuia kusema. Msibishane. Ulizeni swali moja tu: huko mnakokwenda, dawa mmeachishwa?

Masharti ya kikundi yasizidi yale ambayo mtu anaweza kuyakumbuka bila karatasi. Kilichosemwa hapa kinabaki hapa. Hakuna kumpa mwenzio kidonge cha mwanao, hata kama maelezo ya ugonjwa yanafanana kama mapacha. Na hakuna mtu anayetoa ushauri kabla hajaombwa. Hili la mwisho litavunjwa kila siku, mtakuwa mnakumbushana tu.

Anayeongoza awe mmoja wenu. Muuguzi aje akiitwa, kueleza dawa, kisha atoke. Nasema hivi nikijua najipunguzia umuhimu, lakini nimeona mara nyingi: sare nyeupe ikiwepo chumbani, watu wanarudi kusema "Mungu anasaidia".

Kuhusu fedha wenzangu wengi tunatofautiana. Wanasema kikundi bila VICOBA hakidumu, na Kenya ziko chama za ndugu wa wagonjwa zinazoendelea vizuri kwa sababu ya michango. Inawezekana. Mimi nilikaa karibu na kikundi kilichoanza kuchanga 2,000 kila mkutano baada ya miezi miwili tu. Waliokosa 2,000 waliona aibu kuja na deni. Na ni nani hukosa 2,000? Ni yule ambaye mgonjwa wake amevunja vyombo wiki hiyo, aliyefunga genge siku tatu kumtafuta barabarani. Kikundi kikabaki na wale ambao mambo yao yalikuwa nafuu, wakawa wanakopeshana vizuri sana. Subirini angalau miezi sita. Kwa sasa anayeweza alete majani ya chai.

WhatsApp itumieni kwa kukumbushana tarehe na kuitana usiku mtu akizidiwa. Mkutano usihamie huko. Sauti ya dakika nne ya mtu anayelia saa nane usiku, ikisikilizwa na watu kumi waliolala, inamwacha mpweke kuliko alivyokuwa. Na video za mgonjwa akiwa amechanganyikiwa zisiingie kabisa, hata kwa kuomba ushauri. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya ya mtu ni miongoni mwa zile inazozilinda zaidi. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, siku moja kaka yako atapata nafuu na atashika simu ya mama.

Hilo linanileta kwa kaka yako mwenyewe, kwa sababu barua yako yote inamhusu na hukusema kama mmemwuliza. Mwambie unakwenda. Usiseme "nakwenda kwenye kikundi cha wagonjwa wa akili". Sema, "Nakwenda kukaa na watu wenye ndugu waliopitia kama wewe, nijifunze kuacha kukupigia kelele." Kijana mmoja aliambiwa hivyo na dada yake akajibu, "Nenda haraka." Baadaye akipenda aje naye. Asipopenda, mambo yake ya siri si mali ya kikundi. Utaeleza shida yako wewe, unavyolala na unavyoogopa.

Kukataa dawa ndiko kunakobana sasa, kwa hiyo nitakuonyesha jinsi kikundi kizuri kingelishughulikia. Mngeweka tatizo moja tu mezani: "Amekataa vidonge mwezi huu." Kila mtu angetaja wazo lake, hata la kipuuzi, bila kubishiwa. Atakuwepo atakayesema msagie kwenye uji. Endeleeni mpaka mawazo yaishe, ndipo mpime moja moja. La uji wengi wamelijaribu na watakueleza mwisho wake: siku anagundua unga chini ya kikombe, na mtu ambaye ugonjwa wake ni kuamini watu wanamwekea sumu sasa ameona kwa macho yake kwamba ni kweli. Kuanzia hapo hali chakula chochote cha mama.

Kisha mzee mmoja angeuliza, "Umemwuliza kwa nini?" Hapo ndipo mimi husogeza kiti. Haloperidol inaweza kukakamaza mwili, kufanya miguu isitulie hata akikaa, kumtoa mate yanayolowesha mto, mara nyingine shingo kupinda ghafla. Artane inasaidia ule ukakamavu, si yote. Na haloperidol hiyohiyo inaweza kumpunguzia mwanamume nguvu za kiume. Kijana wa miaka 24 hatamwambia dada yake hilo, wala mama yake, ataficha kidonge chini ya ulimi basi. Nimeona baba wa mgonjwa mwingine akijitolea kwenda kunywa chai na kijana wa watu, akarudi na jibu ambalo familia haikulipata kwa mwaka mzima. Jibu likishapatikana mpelekeni kwa daktari: dozi inaweza kupunguzwa, dawa inaweza kubadilishwa, na ipo sindano ya kuchomwa kila mwezi, wengi huiita modecate, kwa anayechoshwa na vidonge vya kila siku. Asiziache kwa ghafla wakati mnasubiri. Usingoje kikundi kiundwe, hili nenda nalo kliniki wiki hii.

Siku moja, labda mwezi wa nne au wa tano, mtu kikundini atasema kwamba aliwahi kumfunga mgonjwa wake kwa mnyororo, au bado anamfunga usiku. Mtatamani kumfukuza. Msimfukuze. Kufunga mtu ni kumwumiza na kumdhalilisha, na mimi sitakutetea ukifanya hivyo. Lakini aliyelisema mwenyewe hadharani amekuja kuomba njia nyingine. Baba mmoja alipolisema, mama wa vitumbua alimwuliza usiku hujalala mangapi? Akahesabu kwa vidole, vikaisha. Wakapangiana zamu, wanaume wawili wa kikundi wakalala kwake siku mbili, siku ya tatu wakampandisha kijana gari pamoja naye mpaka hospitali. Mnyororo sijui ulikwenda wapi, sikuuliza.

Yako mambo yasiyosubiri mkutano. Akianza kusema anataka kufa, akiacha kula na kunywa, akishika silaha au akiambiwa na sauti amdhuru mtu, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na mkishindwa kumpeleka ombeni msaada wa serikali ya mtaa na polisi. Najua sheria yetu ya jinai bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa na familia huogopa. Mpelekeni hivyo hivyo, kwa jina la ugonjwa wake.

Siku yenu ya kwanza mtakuwa watatu, pengine wawili. Msiahirishe kusubiri wengine. Mtakaa, mtaelezana mwaka alioanza kuumwa na mahali mlikompeleka, kisha kutakuwa kimya kirefu na kila mtu atatazama mizani. Mwulize aliye karibu nawe kama wake anaoga.